Trekta Dogo Lililozima Likipata Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana saa moja kasorobo asubuhi, ovaroli yangu imepigwa pasi hadi mikono. Mlinzi wa getini aliisoma barua yangu ya ajira, akanitazama, akairudia kuisoma, kisha akanielekeza ofisi ya wapiga chapa. Nikamwambia mimi si mpiga chapa, ni fundi mitambo daraja la tatu. Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Nilipita nimeinua kichwa, lakini kicheko kile nilikibeba miaka mingi, na ninyi vijana mnaosoma haya mtaona mzigo huo nilikuja kumtwisha nani.

Ilikuwa karakana ya shirika la umma, mjini Morogoro. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza zana za kilimo: matrekta, pampu za maji, mashine za kukoboa, na kila chenye injini kilichokuwa kimegawiwa vijijini. Mimi ni mtoto wa Mwembesongo. Baba alishona makubazi, mama aliuza vitumbua, na hakuna katika ukoo wetu aliyejua nimetoa wapi mapenzi ya grisi. Mama alisema labda nilibadilishwa hospitalini.

Mkuu wa Karakana alikuwa mzee mfupi, mtu wa Songea, penseli sikioni saa zote. Alinikabidhi bisibisi moja na spana tatu, nikazitia saini, kisha akaniuliza:

"Injini ikiletwa hapa inaumwa, unaanza na spana namba ngapi?"

Nikasema kumi na tatu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeishika.

"Unaanza na mdomo, binti. Unamuuliza aliyekuwa nayo. Imeumwa lini, wapi, ilikuwa inafanya nini. Injini haina ulimi, dereva anao."

"Ndiyo, mzee," nikajibu, na maneno hayo niliyakariri neno kwa neno. Niliwahi hata kuwafundisha wengine. Ila kukariri ni jambo moja, na kufuata ni jingine.

Vipuri havikuwepo siku zile. Vijana wa leo mkisikia hivyo mnadhani vilikuwa ghali. Hapana, havikuwepo kabisa. Gasketi, ile karatasi ngumu inayozuia mafuta kuvuja kati ya chuma na chuma, tulizikata kwenye maboksi ya sabuni. Ringi za pistoni tulizitoa kwenye mashine iliyokufa tukampa mahututi. Sifa ya fundi ilikuwa kubuni, na kwa hilo nilikuwa na jicho. Ukinionyesha boliti nilikutajia uzi wake, ile michirizi ya kukazia, bila kupima. Wenzangu waliacha kunicheka, wakaanza kuniletea boliti zao, nami nilifurahi waziwazi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

Mwaka wa nne nikahamishiwa kituo cha Turiani, kwenye miwa na mpunga, ambako jua la mchana halina huruma kwa mtu wala kwa chuma. Huko ndiko nilikoujua ugonjwa wa injini kuzima ikipata moto. Nitaueleza kidogo, maana ndio kiini cha habari yangu. Injini ikiwa baridi inawaka vizuri. Inafanya kazi nusu saa, pengine zaidi, kisha inapungua nguvu, inakohoa, inazima. Ukiiacha ipumzike inawaka tena kana kwamba haijafanya kosa lolote.

Washukiwa wake wanajulikana. Wa kwanza ni koili, kifaa kinachokuza umeme mpaka plagi itoe cheche. Nyaya zake zikichoka, joto linazitenganisha na cheche inapotea. Wa pili ni valvu, vile vizibo vya kupitisha hewa ndani ya injini, zilizokazwa kupita kiasi, kwa kuwa chuma kikipata moto hurefuka, valvu ikashindwa kufunga na nguvu yote ikatoroka. Kuna bomba la petroli likipita karibu na sailensa, petroli ikachemka humo na kugeuka mvuke. Na kuna mapezi ya silinda, vile visahani vya kupozea, vikizibwa na nyasi na vumbi injini haipoi. Turiani niliwakamata wote hao, kila mmoja kwa siku yake, nikaanza kujiona hakimu.

Msimamizi wa Kituo alikuwa mtu mpole katika kila jambo isipokuwa ripoti. Kuna pampu moja ilinishinda, nikaandika kwamba chanzo cha ubovu hakijajulikana. Aliirudisha karatasi mezani kwangu kwa ncha ya kidole.

"Fundi Zuhura, ukiandika hujui, makao makuu watauliza upo hapa kwa kazi gani. Tena wewe."

Ile "tena wewe" niliielewa bila kufafanuliwa. Toka siku hiyo sikuandika tena kwamba sijui.

Niliporudishwa Morogoro nikakuta mambo yamegeuka. Soko huria lilikuwa limeingia. Madukani kulijaa plagi kutoka Dubai, mikanda ya mashine, redio, sabuni za kunukia, na watu waliokuwa wakipanga foleni sasa walikuwa wakichagua. Mashirika ya umma yalianza kuuzwa, na letu lilikuwa kwenye mazungumzo. Kila wiki tuliambiwa kuna orodha ya watakaopunguzwa kazini. Hakuna aliyeiona, ila kila mtu alifanya kazi kana kwamba imefunguliwa mezani na jina lake linaangaliwa. Mafundi tukawa watu wa uhakika mno. Ungemuuliza mtu saa ngapi, angekujibu kwa kiapo.

Chini ya mlima, ng'ambo ya Kilakala, kulikuwa na bustani ya mbegu za mboga iliyokuwa ya serikali. Ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, tuliyemwita Mkurugenzi kwa kuwa barua zake zote zilisainiwa hivyo. Aliondoa wafanyakazi wengi, akabakiza wachache. Akaleta trekta dogo jekundu la petroli, mtumba wa Ulaya, lile la kukatia majani kwenye nyua za wenye nafasi. Huku alilifunga plau ndogo na kigari cha kubebea miche. Dereva wake alikuwa Mzee Kolumba.

Mzee Kolumba alikuwa Mluguru wa Lukwale, kijiji cha mlimani, umri wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama iliyochakaa. Alishuka mlima kila alfajiri na kupanda kila jioni. Kwao alikuwa na makonde ya kabichi na maharage kwenye mteremko, na Jumapili ndiye aliyeongoza ibada ya kigango, lile kanisa dogo la kijiji ambako padri hufika mara chache kwa mwaka. Mtu wa namna hiyo kijijini jina lake ni la watu wote. Likichafuka halichafuki la kwake peke yake.

Sasa nieleze desturi moja ya karakana yetu. Mashine yoyote ya petroli ikifika getini, tangi lilimwagwa kwenye dumu mbele ya mteja, na kifuniko cha tangi kilifungiwa stoo na kibandiko chenye jina. Sababu ilikuwa wizi, na vifuniko ndivyo vilivyokuwa vikipotea kwanza. Kuijaribu injini tulitumia chupa ya dripu ya hospitali: tunaitia petroli, tunaitundika kwenye msumari juu ya mashine, na mpira wake unateremka hadi kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Chupa ile ilikuwa na sindano ya pili ya kuingizia hewa, kama manesi wanavyofanya, la sivyo haidondoshi kitu. Ulikuwa utaratibu mzuri, nami niliusifia kwa wageni.

Trekta lilikuja kwetu mara ya kwanza kwa huduma ya kawaida tu, kubadilishiwa oili na kusafishwa. Siku ya kuondoka kifuniko chake hakikuonekana stoo. Mtunza stoo alitafuta hadi chini ya kabati, jasho likimtoka. Nikamwambia aniachie mimi. Nikaenda kwenye rundo la vyuma chakavu, nikatoa kifuniko cha pampu ya maji iliyokufa zamani, nikakizungusha kwenye tangi la trekta. Uzi ulikubali kama vile vimezaliwa pamoja. Nikakipigia rangi nyekundu. Mkuu wa Karakana akakitazama, akasema, "Mkono wako una baraka." Madukani vifuniko vilikuwepo, vipya, kwenye mifuko ya nailoni, umbali wa dakika kumi kwa miguu. Haikunijia hata akilini kwenda kununua.

Baada ya wiki chache Mzee Kolumba alilirudisha. Alikuwa ameliendesha kutoka bustanini, na njiani lilikuwa limezima mara mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limeanza kunisumbua hili. Likipata moto linazima."

"Baada ya muda gani?"

"Kama mwendo wa rozari nzima na litania." Akatabasamu. "Nusu saa na ushee. Halafu mwanangu, kuna kitu. Linapozima mimi huwa nashuka, nafungua tangi kuchungulia kama mafuta yapo. Mafuta yapo. Nikifunga, nikiliwasha, linawaka pale pale. Halingoji kupoa."

Ninayaandika maneno yake hapa nikiwa na aibu mpya, ingawa miaka imepita. Alikuwa amenipa jibu lote, limekamilika, mkononi. Mimi nilichosikia ni kwamba dereva anafungua tangi kila mara. Siku zile kila bustani na kila kampuni ililia wizi wa petroli: dereva anachota lita mbili, anajazia mafuta ya taa ambayo ni rahisi, na injini iliyonyweshwa mafuta ya taa hupata moto kupita kiasi na kuzima. Nikamtazama Mzee Kolumba, nikaitikia kwa kichwa, na moyoni nikawa nimekwisha kumhukumu.

Hata hivyo nilifanya kazi, sikufanya uvivu. Siku tatu. Tangi lilikuwa limemwagwa getini kama kawaida, kifuniko kiko stoo, chupa iko msumarini. Nilisafisha mapezi ya silinda kwa brashi mpaka yakang'aa. Nilipima uwazi wa valvu, uko sawa. Nilibadilisha plagi. Nikaiacha injini ingurume saa mbili mfululizo mpaka chuma hakigusiki, nikaangalia cheche: bluu, kali, haina shaka. Haikuzima. Nikaizima mwenyewe, nikaiwasha, ikawaka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikakaa mezani na kalamu.

Niliandika hivi: "Injini haina hitilafu. Inashauriwa ubora wa mafuta na mwenendo wa dereva katika kutunza mafuta uchunguzwe." Nikatia saini.

Mkuu wa Karakana aliisoma mara mbili. "Dereva umemuuliza?"

"Nimemuuliza, mzee."

Sikudanganya, na sikusema kweli. Aliipeleka bustanini.

Wiki haikuisha. Nilikuwa nimelala chini ya trekta jingine nilipoona viatu vya mtu vimesimama kando yangu, ndala za matairi, vumbi jekundu la mlimani. Nikatoka chini. Mzee Kolumba alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani.

"Mwanangu, umeandika nini kule?"

"Nimeandika nilichokiona, mzee."

"Wameniachisha. Mkurugenzi amesema mbele ya wenzangu kwamba nimekuwa nikiuza petroli yake. Amesema fundi ametoa ushahidi."

Nikapangusa mikono kwa tambara. Kisha nikasema jambo la kijinga, kwamba mimi sikutaja neno wizi.

"Hukulitaja," akakubali. "Lakini hukuja kuliona likilima." Akavaa kofia yake, akaaga vizuri kabisa, akaondoka. Ningependa angenifokea. Nilirudi chini ya trekta nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Wiki mbili baadaye Mkurugenzi alinitumia gari. Nilimkuta bustanini, kwenye tuta la nyanya, mikono kiunoni. Kando yake dereva mpya, kijana wa mjini aliyenyoa denge, amelikalia trekta lililozima.

"Fundi, nieleze," Mkurugenzi alisema. "Mzee nimemwondoa. Petroli sasa naitia mimi mwenyewe, kituo nachagua mimi, dumu halitoki machoni pangu. Na hili likifika nusu saa linakufa. Nani anaiba?"

Na pale, kwa mara ya kwanza tangu Turiani, nilisema, "Sijui, mzee. Naomba nilione likilima."

Kijana akaliwasha. Nikatembea kando yake kwenye matuta, jua la saa tano kichwani, mkono wangu mara kwenye bomba, mara kwenye koili. Dakika ya thelathini na kitu likapungua nguvu. Likakohoa, likazima. Nikachomoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma, kijana akazungusha: cheche ya bluu. Nikafungua kabureta kwa chini: kavu. Nikachomoa bomba la petroli. Tangi lilikuwa zaidi ya nusu, na bombani likatoka tone moja, la pili likaning'inia, likagoma.

Nilijua kabla sijafungua. Nikazungusha kifuniko robo mduara, tangi likavuta hewa kwa sauti, fyuuu, na petroli ikaanza kumwagika kwenye viatu vyangu.

Kifuniko cha tangi la petroli kina tundu dogo, dogo kuliko la sindano ya cherehani. Petroli inaposhuka kwenda kwenye injini, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi linajinyonga. Petroli inabaki humo inashikiliwa na utupu, na injini inakufa kwa kiu tangi likiwa na mafuta. Kile kifuniko cha pampu ya maji hakikuwa na tundu, na sikumbuki hata kukitazama kwa ndani. Nilitazama uzi tu. Karakana trekta halikuzima kwa sababu kifuniko kilikuwa stoo, na chupa ya dripu ilikuwa na sindano yake ya hewa, niliyoichomeka kwa mkono huu huu kila asubuhi kwa siku tatu.

Na ule "moto" wenyewe haukuwa na kosa. Vijana, hili lishikeni. Joto na muda hutembea pamoja. Injini inayozima baada ya nusu saa itakuwa ina moto, ndiyo, lakini pia itakuwa imetumia nusu saa. Sisi tunaona moto kwa sababu unatuunguza, na muda tunausahau.

Nikamwambia Mkurugenzi yote. Nikamwambia kifuniko nilikifunga mimi.

Alikitazama kile kifuniko chekundu, akacheka. "Kumbe ni hiki tu! Funga kingine, tuendelee na kazi."

"Na Mzee Kolumba?"

"Fundi, yule tumeshamalizana. Nafasi yake ina mtu." Akamwonyesha kijana kwa kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyanya zinazosubiri gari la Dar, na jambo lililokwisha kwake lilikuwa limekwisha.

Nilirudi karakana, nikaandika ripoti ya pili. Ilikuwa fupi. Ilisema hitilafu ilisababishwa na kifuniko kisichofaa kilichofungwa na karakana, kwa mkono wa fundi aliyetia saini hapa chini, na kwamba dereva hakuwa na kosa lolote. Mkuu wa Karakana alitoa penseli sikioni, akairudisha.

"Zuhura, ile orodha sasa ipo. Nimeiona. Majina hayajajaa. Karatasi hii ikienda makao makuu wiki hii, watajaza moja."

"Najua, mzee."

"Tunaweza kubadilisha kifuniko tukanyamaza. Trekta litalima."

"Trekta litalima, mzee. Yeye je?"

Alichukua kalamu mezani. Kisha akatia saini yake chini ya yangu, kubwa kuliko yangu, na kuniambia niende nyumbani nikapumzike.

Jumapili nilipanda Lukwale. Nilivaa baibui juu ya suruali ya kazi, viatu vya karakana miguuni, nakala ya ripoti na kifuniko mfukoni. Njia ile inakata magoti. Nilipita wanawake wanashuka na matenga ya kabichi kichwani, wakanisalimia bila kupunguza mwendo, mimi nikiwa nimeshika mti natafuta pumzi. Nyumbani kwa Mzee Kolumba mkewe alinitolea kigoda, akakiweka mbali kidogo na alipokuwa yeye, akaendelea kuchambua maharage. Hakuuliza mimi ni nani. Alijua.

Mzee alitoka ndani, nikasimama.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa kosa langu."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza, nikampa kifuniko. Alikigeuza, akakitazama kwa ndani, akapitisha kidole. Nikampa karatasi. Akaisoma taratibu hadi mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Hii ni nzuri," akasema. "Lakini huku haikufika karatasi, mwanangu. Huku lilifika neno. Toka wiki ile sijasimama mbele ya kigango. Nitasimamaje niwasomee watu amri ya saba, usiibe, wakati wanajua nimefukuzwa kwa wizi? Sasa anaongoza kijana wa katekesi, na anasoma kwa kubabaika." Akanitazama. "Neno halitolewi kwa karatasi. Lilipofika, hapo hapo likaondolewe na mwenye kulileta."

Mkewe akaacha maharage.

Nilielewa anachoniomba, na nilitamani kukimbia. Mimi mwanamke wa Kiislamu kutoka mjini, na waumini wake wamekusanyika nje ya kanisa wakingoja kengele. Lakini tulikwenda, yeye mbele, mimi katikati, mkewe nyuma, kana kwamba ananizuia nisirudi.

Watu walikuwa kama sitini, wamesimama uwanjani. Mzee Kolumba akasema tu, "Huyu ni fundi wa Morogoro. Ana neno." Akasogea pembeni.

Nikasema. Nilisema mimi ndiye niliyeandika, na niliyoyaandika hayakuwa kweli. Nilisema Mzee Kolumba hajaiba hata tone. Nilisema alinieleza ukweli wa trekta lile nikashindwa kumsikiliza kwa sababu niliona aibu kutokujua. Nilipomaliza, nikaona kwenye nyuso za watu kwamba wananihurumia lakini hawajaamini. Labda mzee amemlipa. Labda ni ndugu.

"Waeleze na kifuniko," Mzee Kolumba akasema kutoka pembeni.

Nikakitoa. Nikaeleza habari ya tundu, hewa inaingia, petroli inashuka, bila hewa haishuki. Nilijaribu kusema kwa maneno mepesi, nikiogopa hawataelewa. Bibi mmoja mbele, mgongo umepinda, kanga ya kichwani imefifia, akanikatiza.

"Yaani kama dumu?"

"Dumu gani, bibi?"

"Dumu la maji. Usipolitoboa kwa juu halimwagi vizuri, linakwama kwama. Si tunatoboa kwa msumari wa moto?" Akageukia wenzake. "Hata vitoto vinajua." Kisha akanirudia, kwa huruma kabisa: "Mwanangu, hiyo shule ya ufundi ulisoma miaka mingapi?"

"Mitatu, bibi."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Walicheka wakashikana mabega, watoto wakacheka bila kujua sababu, na mke wa Mzee Kolumba akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikalia. Waliamini pale. Hakuna mtu angelipwa ili ajiaibishe kiasi kile.

Mzee Kolumba hakucheka. Alingoja wanyamaze. Kijana wa katekesi akamsogelea, akamkabidhi kitabu cha ibada bila kuambiwa. Kengele ikapigwa, wakaingia, na mimi nikabaki nje kivulini, nikisikiliza sauti ya yule mzee ikisoma, pole pole, haibabaiki.

Jina langu lilijazwa kwenye orodha. Mkuu wa Karakana alinipeleka hadi getini mwenyewe. Nisidanganye kwamba niliondoka shujaa. Nililala siku nne na uso umegeukia ukuta, na mama akinieleza kwamba hata ufundi una riziki yake. Baadaye nikafungua banda langu Mwembesongo, la mabati, mlango unaoelekea barabarani. Nimefanya kazi humo mpaka mwaka ambao macho yalikataa kusoma namba za fila geji, kile kipimo chembamba cha valvu, nikajua nimestaafu bila mtu kuniandikia barua.

Vijana wananiuliza nini kilinipa wateja, maana mafundi waliokuwa wakijua kuliko mimi walifunga. Trekta lile Mzee Kolumba hakulirudia tena. Mkurugenzi alimwita msimu uliofuata, akajibu kwamba kabichi zake zinamtosha. Wala urafiki hatukuwa nao wa kutembeleana. Tulisalimiana sokoni, yeye na tenga lake, mimi na mikono ya oili.

Lakini miezi michache baada ya kufungua banda, nikiwa sina kazi na ninafagia mara ya tatu kwa siku, alifika mtu wa Lukwale na pampu ya kumwagilia begani. Aliishusha mlangoni, akavuta pumzi.

"Mzee Kolumba amesema nilete kwako, mama. Amesema mjini wako mafundi wanaokuzidi. Ila wewe ukikosea, utapanda mlima kuja kutuambia."

Nikaacha ufagio. Niliipokea pampu yake kwa mikono miwili.